Watu kumi na wanne, meza moja: safari ya kikundi kwenda China

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Mbeya: "Sisi ni wanakikoba kumi na wanne. Tumeweka akiba ili twende China kwa siku kumi, mwezi wa Oktoba. Kampuni moja imetuletea ratiba ya miji sita: Beijing, Xi'an, Shanghai, Guilin, Guangzhou na Hong Kong. Watano kati yetu ni Waislamu, wawili ni Wasabato, na mmoja ana miaka 71 na goti linamsumbua. Tutakula nini, tuone nini na tuache nini, na tufanyeje ili turudi tukiwa bado marafiki?"

Shikamoo Mwalimu.

Umeuliza maswali matatu, lakini mimi ninayesindikiza vikundi kwenda huko nayaona kuwa ni moja. Kikundi kinajengwa au kinavunjikia mezani. Mkila pamoja vizuri, mtasameheana uchovu, foleni na kuchelewa basi. Watano wakiwa wanakula biskuti chumbani kwa sababu mgahawa uliochaguliwa ni wa nguruwe, hata Ukuta Mkuu hautaiokoa safari hiyo. Kwa hiyo nakushauri uipange safari kuanzia mezani, vivutio vifuate.

Kwanza irudisheni ratiba hiyo. Miji sita kwa siku kumi maana yake ni kufunga mizigo kila baada ya siku moja na nusu na kula chakula cha kituoni. Hong Kong pia ina mtego wake: ukitoka China bara kuingia Hong Kong umehesabiwa kuwa umetoka nchini, na mwenye viza ya kuingia mara moja hawezi kurudi bara. Mimi ningechagua miji mitatu: Beijing usiku nne, Xi'an usiku tatu, Chengdu usiku mbili au tatu. Ombeni tiketi ya kuingilia Beijing na kutokea Chengdu ili msirudie njia. Ethiopian Airlines inafika miji yote miwili kutoka Addis Ababa. Shanghai ni mji mzuri, lakini kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza akiwa na siku kumi tu, ninauacha bila majuto.

Tarehe nazo ziangalieni. Kuanzia tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni likizo ya sikukuu ya taifa, na China nzima inakuwa safarini. Tiketi za treni zinakwisha, na Ukutani mnatembea kwa kusukumana mabega. Nendeni baada ya tarehe 10. Hali ya hewa ya Beijing wakati huo ni nzuri kuliko miezi mingi: anga safi na jua lisilochoma. Watu wa Mbeya baridi ya asubuhi mnaijua, sweta moja linatosha.

Sasa tuje mezani.

Mgahawa wa Kichina wa kupokea vikundi una meza ya duara, na katikati yake kuna kioo kinachozunguka. Vyakula vyote vinawekwa juu ya kioo, kila mtu ana bakuli dogo na vijiti, na kioo kikizungushwa unachukua kidogo kinapokufikia. Kwetu watu wa sinia jambo hili halihitaji maelezo marefu: chakula ni cha wote, na anayekula ni lazima amwangalie jirani yake. Hakuna "sahani yangu". Mnaoagiza muwe mnajua hesabu ya Wachina wenyewe, yaani idadi ya vyakula iwe sawa na idadi ya watu, au izidi kwa kimoja. Mkiwa kumi na wanne, kaeni meza mbili za watu saba, kila meza iagize vyakula saba au vinane na supu. Na angalau mara moja ombeni chumba cha faragha chenye meza kubwa ya kuwatosha nyote. Migahawa mingi ya wastani na mikubwa inavyo, ila ulizeni kwanza kama kuna kiwango cha chini cha matumizi.

Kampuni za utalii zina chakula chao cha kikundi ambacho ni karibu kilekile kila mji: meza ya watu kumi, vyakula vinane na supu moja. Kinashibisha, lakini hakina ladha ya mahali. Ni kabichi, kuku mwenye mifupa mingi, mayai na wali, kwenye ukumbi ambamo mabasi yote ya watalii yameegeshwa nje. Kwenye mkataba wenu andikeni kwamba kampuni itoe kifungua kinywa na milo michache tu, na fedha ya milo mingine ibaki mikononi mwenu. Nyinyi ni wanakikoba, mweka hazina mnaye. Changeni mfuko wa chakula kabla ya kuondoka, mtu mmoja alipe bili nzima, na hesabu isomwe kila jioni. China bili ya meza hulipwa na mtu mmoja. Kumi na wanne mkisimama kaunta, kila mmoja na noti zake, mtawasumbua wahudumu na kujichosha wenyewe.

Malipo ni kwa simu karibu kila mahali, kuanzia muuza mahindi ya kuchoma hadi dukani. Aliyezoea lipa namba hatashangaa. Programu za simu za Alipay na WeChat siku hizi zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, kwa hiyo mweka hazina na mwenzake mmoja wasajili kadi zao na kuzijaribu wakiwa bado Tanzania. Kila mmoja abaki na yuan kidogo za karatasi mfukoni kwa dharura.

Kuhusu nguruwe, niseme wazi. Katika migahawa ya kawaida nyama ikitajwa bila jina la mnyama huwa ni nguruwe, na mboga za majani zinaweza kuwa zimekaangwa kwa mafuta yake. Kusema "mimi nitakula mboga tu" hakutoshi kwa Mwislamu wala kwa Msabato anayeishika imani yake. Dawa yake ni kutafuta migahawa ya Waislamu wa China, nayo ni mingi. Jifunzeni kuzitambua herufi hizi mbili za halali: 清真. Ziprinti, kila mtu awe nazo kwenye simu. Msitegemee kuona maandishi ya Kiarabu mlangoni, kwa sababu miaka ya karibuni yameondolewa kwenye migahawa mingi. Katika karibu kila mji mtakuta pia vibanda vya tambi za ng'ombe za Lanzhou, ambavyo vingi vinaendeshwa na familia za Waislamu kutoka mkoa wa Qinghai. Tambi zinavutwa kwa mikono mbele yenu, bakuli ni kubwa na bei ni ndogo. Hapo ni pa kukimbilia mchana mkiwa mmechoka.

Na hapa ndipo ninapowaomba wengine tisa wakubali jambo moja: kikundi kizima kile kwenye migahawa hiyo, msigawanyike. Sisemi mjinyime. Kwa Beijing na Xi'an, chakula cha Waislamu ni miongoni mwa vyakula bora vya mji. Beijing nendeni Niujie, mtaa wa kale wa Waislamu wenye msikiti ambao historia yake inahesabiwa tangu mwaka 996. Ukiutazama juu una mapaa ya vigae kama hekalu la Kichina. Mle kondoo wa chungu cha shaba: chungu kina bomba katikati lenye mkaa unaowaka, maji yanachemka kulizunguka, na nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi inachovywa humo kwa sekunde chache, kisha inatiwa kwenye mchuzi wa ufuta. Chungu kimoja, watu saba, kila mmoja anamchungia mwenzake nyama isiive kupita kiasi. Watu waliokuwa wanaogopana ndani ya ndege huanza kuzungumza hapo.

Bata wa Beijing msimkose. Anachomwa ngozi ikauka na kung'aa, mpishi anamkata mbele yenu, nanyi mnafunga vipande kwenye chapati nyembamba pamoja na kitunguu cha majani, tango na mchuzi mtamu mweusi. Mwambieni mwongozaji awatafutie sehemu yenye zile herufi mbili, ili wote mwe mezani.

Vyakula vingine vitawapa nafuu ya nyumbani. Mayai ya kukaanga na nyanya yako kila mahali, na hakuna Mtanzania niliyemwona akiyakataa. Bilinganya za kukaanga na vitunguu saumu ni tamu sana. Mchicha nao upo, hasa kusini na wakati wa joto. Anayelilia ugali, Beijing wana mkate wa mahindi wa mvuke wenye umbo la pia, unaitwa wotou. Wali kwenye chakula cha heshima huletwa mwishoni, wakati nyinyi mnausubiri tangu mwanzo mboga zikipoa. Mwambieni mhudumu aulete mapema. Saa za kula pia si za kwetu. Chakula cha mchana kinaanza saa tano na nusu, cha jioni saa kumi na moja na nusu, na mkifika saa tatu usiku majiko ya migahawa mingi yameshazimwa.

Adabu za mezani ni chache. Usisimamishe vijiti wima ndani ya bakuli la wali, kwa sababu inafanana na ubani unaochomewa marehemu. Mwenyeji anakaa akitazama mlango, na mgeni wa heshima anakaa pembeni yake. Mkigonganisha vikombe, chai inatosha, na hakuna atakayekulazimisha pombe ukisema hunywi. Maji ya bomba hayanywewi. Maji ya moto yanapatikana bure hotelini, stesheni na ndani ya treni, kwa hiyo kila mtu abebe chupa isiyopitisha joto.

Xi'an ndiyo moyo wa safari yenu. Mtafika kwa treni ya mwendokasi kutoka Beijing, takriban kilomita 1,200 kwa muda wa saa nne hadi sita. Tiketi inafungwa na namba ya pasi ya kusafiria, kwa hiyo herufi moja ikikosewa kwenye jina mtu anaweza kuzuiwa getini. Pangeni Ijumaa iwakute hapa. Msikiti Mkuu wa Xi'an unahesabiwa ulianza mwaka 742, na majengo yanayoonekana leo ni ya enzi ya wafalme wa Ming. Ni nyua zinazofuatana, bustani, malango ya mbao na mnara wenye sura ya banda la Kichina. Waislamu wenu watano waswali pale Ijumaa. Wengine walipe kiingilio wakae bustanini wakiwasubiri, maana ukumbi wa sala ni wa Waislamu tu. Kwa Wasabato, Jumamosi iwe siku bila treni wala duka. Watembee taratibu bustanini, jioni wajiunge na wenzao. Kampuni itasema haiwezekani kuipanga ratiba hivyo. Inawezekana, wakiambiwa kabla ya kulipwa.

Pembeni ya msikiti kuna mitaa ya Waislamu, na humo kuna chakula ambacho kwangu ndicho kinachofaa kikundi kuliko vyote: yangrou paomo, supu ya kondoo na mkate. Mnapoketi, kila mtu anapewa bakuli tupu na mkate mgumu wa duara, mmoja au miwili. Supu bado. Kazi yako ni kuukatakata mkate kwa vidole, vipande vidogo kama punje za mahindi au hata vidogo zaidi. Wenyeji wanasema vipande vikubwa havinyonyi mchuzi, na mpishi akiona umekata ovyo anajua wewe ni mgeni. Kazi hiyo inachukua robo saa, wakati mwingine zaidi. Simu haishikiki kwa sababu mikono ina unga. Basi watu wanazungumza. Mmoja anamwonyesha mwenzake namna ya kupunguza kipande, mzee anasimulia, mwenye haraka anasubiriwa. Kisha mabakuli yanachukuliwa jikoni kila moja na namba yake, yanarudi yakiwa na mchuzi mzito, nyama na tambi nyembamba, pamoja na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari. Msiruhusu mwongozaji awaagizie mkate uliokatwa kwa mashine. Upo, ni wa haraka, na unawanyima kile mlichokifuata.

Nje mtakuta mishikaki ya kondoo yenye pilipili na bizari nyembamba, juisi ya komamanga, na mikate iliyojazwa nyama ya ng'ombe. Tembeeni jioni kwa makundi ya watatu watatu, mkijua mahali na saa ya kukutana.

Vivutio nitavipitia kwa ufupi, kwani vitabu vya wageni vimejaa habari zake. Beijing, Kasri la Kifalme lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, na wafalme 24 walitawala kutoka humo. Linafungwa Jumatatu, na tiketi zinauzwa kwa namba ya pasi kuanzia siku saba kabla, hazipatikani mlangoni. Mkiwa uani, kumbukeni kwamba mfalme Yongle aliyelijenga ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, ujenzi ukiwa bado unaendelea. Mkitoka kwa lango la kaskazini, vukeni barabara mpande kilima cha Jingshan, muone mapaa yote ya kasri kwa pamoja. Askari wa udongo wa Xi'an, yaani sanamu zilizozikwa karibu na kaburi la mfalme wa kwanza wa China, walifukuliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima. Wako kwenye mashimo matatu. Nendeni asubuhi, muingie shimo la tatu na la pili kwanza, la kwanza liwe la mwisho, kwa sababu ndilo kubwa na likitangulia mengine yanaonekana madogo. Ukuta wa mji wa Xi'an una mzunguko wa kilomita 13.7 na baiskeli zinakodishwa juu yake, zikiwemo za watu wawili. Chengdu mtawaona panda, lakini fikeni mlango unapofunguliwa, kwa sababu wanakula asubuhi na baadaye wanalala. Mchana kaeni kwenye vibanda vya chai vya Bustani ya Watu, hakuna anayewafukuza.

Chengdu ni mji wa pilipili, na wana punje inayotia ganzi midomo ambayo haifanani na pilipili yoyote yetu. Chungu chao cha jioni kiagizeni kile chenye sehemu mbili, upande mmoja mkali na mwingine mchuzi mtupu. Mafuta yake ya kawaida ni ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu, kwa hiyo tafuteni mgahawa jirani na Msikiti wa Huangcheng, katikati ya mji.

Mahali pa kukutana na Wachina wenyewe ni bustani ya Hekalu la Mbingu, Beijing, asubuhi na mapema. Wastaafu wamejaa humo: wanacheza dansi kwa mistari, wanaimba kwaya, wanapiga kishada cha manyoya kwa miguu, wanacheza karata. Ingieni kwenye mstari mcheze nao, wanafurahi kweli. Ombeni mwongozaji anayejua Kiswahili. Vyuo vya Beijing vinakifundisha tangu miaka ya 1960, na kijana wa namna hiyo akiwaambia wazee kwamba nyinyi mmetoka kwenye mji wa reli ya TAZARA, mtaona nyuso zinabadilika. Kwa kizazi chao reli ile, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ni habari waliyokua nayo. Muwe pia tayari kupigwa picha na watu msiowajua, na wengine watataka kugusa nywele. Wengi wao ni udadisi tu. Lakini kubalianeni mapema kwamba asiyetaka atasema hapana kwa tabasamu, na wenzake watasimama karibu naye bila kumcheka.

Mambo madogo ndiyo yanayoharibu urafiki. WhatsApp haifanyi kazi kwenye intaneti ya hoteli za China, kwa hiyo kundi lenu la simu litanyamaza siku ya kwanza. Fungueni kundi la WeChat mkiwa bado nyumbani, na wawili watatu wawe na laini za Tanzania zenye huduma ya kutumika nje, ambazo kwa kawaida WhatsApp inapita. Mezani badilisheni viti kila siku kwa kura, wanandoa wakiwemo. Kila mmoja apewe mwenzake wa kumhesabu kabla basi halijaondoka. Na siku moja nzima isiwe na ratiba yoyote, kwa sababu watu kumi na wanne wanahitaji kupumzika hata na wenzao.

Jambo la bei. Mkiletewa bei iliyo chini sana kuliko za wengine, ulizeni maduka mangapi yamo kwenye ratiba. Safari za bei ya kutupa hulipiwa kwa kuwapeleka watu kwenye maduka ya mawe ya jedi, hariri na chai na kuwakalisha humo saa nzima. Sheria ya utalii ya China, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, inakataza hilo, kwa hiyo mna haki ya kutaka iandikwe kwenye mkataba: hakuna duka tusiloliomba.

Na mzee wa miaka 71 asiachwe nyumbani. Ukuta Mkuu mwende sehemu yake ya Mutianyu, kama kilomita 70 kaskazini ya Beijing, msiende ile ya Badaling. Mutianyu kuna magari ya kamba yanayopanda hadi mnara wa 14, na kutoka hapo anaweza kutembea sehemu isiyo na mwinuko mkali, akakaa kwenye kivuli cha mnara huku vijana wakipanda kuelekea mnara wa 20. Kwa askari wa udongo na Kasri la Kifalme, ambako mwendo ni mrefu, ombeni kiti cha magurudumu kupitia mwongozaji siku moja kabla. Hoteli ziwe karibu na kituo cha metro chenye lifti. Dawa zake azibebe kwenye maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari, ndani ya begi la mkononi. Na mezani apewe kiti cha kutazama mlango.